Moshi wa Rodi Tabora

Mtu wa Bagamoyo akifika Tabora amefuata njia ya wapagazi wa Kinyamwezi, ila yeye amekalia kiti. Wale walitembea kwa miezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani, yaani kilo 30 na ushee. Mzigo wao ulipimika, na kovu la bega lilionekana.

Mji una miembe mikubwa, asali ya kila rangi, na adabu ambayo sisi wa pwani tunadhani ni yetu peke yetu. Nyuma ya barabara kuu niliwakuta mafundi wa kuchomelea wakiunda mageti. Kwetu fundi wa majahazi husalimia huku nyundo ikiendelea kukalafati. Huyu alizima mashine, akavua miwani ya jua, akanipa shikamoo, ndipo akauliza nataka nini. Miwani hiyo ndiyo ngao yake ya macho. Puani alifunga kipande cha fulana.

Banda limezibwa mabati pande tatu ili upepo wa kiangazi usirushe vumbi kwenye rangi mbichi. Geti linatoka safi, lakini moshi wa rodi unabaki ndani, umening'inia chini ya paa. Bagamoyo mafundi hufanya kazi ufukweni, na upepo wa bahari huwasaidia bila kuombwa. Sisemi tuna busara zaidi. Tuna upepo tu.

Vumbi la msumeno unaliona, unakohoa, unalitema. Moshi huu ni kitu kingine. Chembe zake nyingi hazifiki nanomita 100, na unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Fulana haizizuii. Zinashuka hadi vifuko vya mwisho vya mapafu, na mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliutia moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Fundi ana dawa yake: maziwa. Tabora ni nchi ya ng'ombe, na jioni chupa huzunguka kwa vijana wote ili “kusafisha kifua”. Hata kwetu wachomeleaji hunywa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanapita kooni kwenda tumboni, na moshi umekwenda mapafuni. Siku wanayochomelea mabomba yaliyopakwa zinki, usiku baadhi yao hutetemeka kwa homa. Kesho yake au keshokutwa imekwisha. Katika mkoa wa mbu, nani atafikiria zinki kabla ya malaria?

Desemba 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwalinda wafanyakazi dhidi ya chembe za nano. Uliandikwa kwa ajili ya chembe zinazotengenezwa makusudi viwandani, si kwa moshi wa rodi, lakini mpangilio wake unafaa hata uani: kwanza uondoe au uzibe chanzo, halafu uvute hewa chafu itoke, na barakoa ije mwisho, pale mengine yaliposhindikana. Hapa tumeanzia mwisho, tena kwa fulana.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri vifaa vya kinga. Lakini kijana anayejifunza ufundi kwa mjomba wake, analipwa chakula cha mchana na nauli, mwajiri wake ni nani? Mkaguzi akija atazungumza na mjomba, na mjomba mwenyewe amefunga fulana.

Kubandua bati moja la upande unakotoka upepo, na jingine la upande wa pili, hakugharimu kitu. Rangi ipakwe asubuhi, kabla upepo haujaamka. Barakoa ya kweli ya kuchuja chembe ina bei, na bei hiyo inalipika. Wewe unayeagiza geti, Tabora au Bagamoyo, uliza fundi anavuta hewa gani, na ukipatana naye bei, usikate ile ya barakoa.