Mandhari ni Sawa, Lakini Usimwongezee Mtoto Mama

Wasee, leo acha niongee kuhusu hii kazi yangu ya kupeleka watoto mahali hawajawahi kufika.

Kama unaishi Eldoret, hizo picha unazijua. Mtoto anasimamishwa mbele ya kitambaa cha kijani kwa studio, jioni mzazi anatumiwa picha kwa WhatsApp: mtoto yuko Paris, ama kwa theluji na koti. Kuna watu huzicheka wanasema ni uongo. Mimi sikubali. Miaka ya 1990 pale kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na magorofa. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa anakata picha za wateja na kuziunganisha na nyingine, kwa mkono, kabla ya hizi kompyuta zetu. Hakuna mtu alidanganywa. Mteja alijua hilo ni pazia, na bado alitaka kusimama mbele ya ndege. Kuota si uongo.

Kuifanya vizuri ndiyo kazi. Kwanza mwanga: kama jua la mandhari linatoka kushoto, taa yako pia itoke kushoto. Pili, chuchumaa. Ukipiga mandhari ukiwa umesimama, halafu mtoto umpige ukiwa chini, miguu yake haitakubali ile ardhi hata ufanye nini. Tatu kivuli. Mtoto bila kivuli miguuni anaelea kama puto. Na nywele usizikate kwa haraka, maana nywele zetu zikikatwa vibaya mtoto anaonekana amevaa kofia.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku kogo mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka minne. Mama ya mtoto anafanya kazi Saudia, aliondoka mtoto akiwa bado ananyonya. Kogo akanionyesha selfi ya mama kwa simu. "Kijana wangu, waweke pamoja."

Nilikaa na hiyo picha siku mbili. Taa ya jikoni ya Saudia nikaigeuza ikawa jua la asubuhi. Mkono wa mama haukuonekana kwa selfi, nikatafuta mwingine, nikauweka kwa bega la mtoto. Kusema ukweli, ilikuwa kazi safi kuliko zote nimewahi kufanya.

Kogo alipokuja kuichukua, alifurahi. Mtoto aliiangalia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Mama alikuja lini?"

Nikakosa jibu. Kogo naye akanyamaza. Mtoto akauliza tena, "Nilikuwa nimelala?"

Hapo ndipo nilielewa tofauti. Paris ni mchezo, na mtoto anaweza kuambiwa ni mchezo. Lakini mimi nilikuwa nimemtengenezea siku ambayo haikuwahi kuwa, na yeye alikuwa anajilaumu kwa kuikosa.

Nilimwomba Kogo aniachie picha nirudie bila malipo. Wikendi nikaenda kwao, nikachuchumaa mbele ya mahindi, mtoto akiwa ameshika simu, kioo kikiniangalia. Mama nikamweka ndani ya kioo cha simu tu, maana hapo ndipo wao hukutana. Hiyo pia ni picha ya kuunganisha, kioo hakikuonekana vizuri na hilo jua lote. Lakini mtoto alipoiona hakuuliza kitu. Alicheka tu, akasema, "Mama ananipigia."

Siku hizi bado napeleka watoto Paris, na hata mwezini kama umelipa. Lakini mtu ambaye hayupo, simweki kando ya mtoto ambaye hawezi kujua ni mchezo. Nimekosa wateja kadhaa kwa sababu hiyo, na sijuti.

Wewe ungemjibu aje yule mtoto?