Ngeli Ndani ya Msimbo: Tajriba ya Mwanafunzi wa Kiswahili Katika Programu Huria

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili anapotajiwa tarakilishi, huchukuliwa kwamba mchango wake unakomea kwenye tafsiri. Apewe orodha ya maneno, ayatafutie visawe, kisha awaachie wanaprogramu shughuli iliyosalia. Tajriba niliyoipata katika mradi mmoja wa programu huria imenithibitishia kwamba sarufi tunayofundishwa darasani ina nafasi ndani ya msimbo wenyewe, yaani yale maagizo yanayoiwezesha tarakilishi kutenda kazi.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, naye Linus Torvalds akaanzisha Linux mwaka 1991. Afrika Mashariki nayo haikukaa kando. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzao, walitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice. Uwazi wa msimbo ndio uliowaondolea haja ya kusubiri kampuni fulani ione faida katika Kiswahili.

Programu niliyoichangia mimi ni ndogo. Hutunza hesabu za vyama vya kuweka akiba na kukopeshana, mithili ya vile vilivyotapakaa vijijini na mijini mwetu. Ilikuwa imekwisha kutafsiriwa, lakini mweka hazina alipoingiza taarifa, kioo kilimwandikia: "Deni imehifadhiwa", "Malipo imehifadhiwa", "Mwanachama imehifadhiwa". Mtafsiri hakuwa na hatia. Mwanaprogramu alikuwa ameunda ujumbe kwa kuunganisha vipande viwili, nomino yoyote pamoja na kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza mbinu hiyo haileti dosari, kwa kuwa umbo la kitenzi halitegemei nomino iliyotangulia. Kwa Kiswahili ni sharti tuseme mchango umehifadhiwa, deni limehifadhiwa, malipo yamehifadhiwa, faini imehifadhiwa. Mwanachama naye hahifadhiwi kama mahindi ghalani, husajiliwa.

Lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa suala la maana. Mweka hazina akiondoa taarifa ya mkopo iliyoandikwa mara mbili, programu ilitangaza: "Deni imefutwa". Hata tungerekebisha upatanisho na kusema "Deni limefutwa", mkopaji angeelewa nini? Katika Kiswahili, kufuta deni ni kulisamehe. Chama kizima kingeweza kuingia katika mzozo kwa sababu ya maneno mawili. Palihitajika sentensi tofauti kabisa, kwa mfano "Rekodi ya deni imeondolewa", ilhali msimbo haukumpa mtafsiri nafasi ya kuiandika.

Hapo ndipo nilipoamua kuugusa msimbo. Miradi mingi ya aina hii hutumia Git, chombo kilichobuniwa na Torvalds mwaka 2005, ambacho huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, lini na kwa sababu gani. Nilinakili msimbo, nikafungua tawi langu ili nisivuruge kazi ya wenzangu, nikaondoa vile vipande na kuweka sentensi nzima kwa kila nomino. Ushauri huu si mgeni. Mwongozo wa gettext, chombo cha GNU kinachotumika sana katika kutafsiri programu, huwahimiza wanaprogramu waandike sentensi kamili badala ya kuunganisha vipande. Kisha nikawasilisha mabadiliko hayo pamoja na maelezo.

Hayakupokelewa papo hapo. Mmoja wa watunzaji wa mradi aliuliza kwa nini kanuni za wingi zisitoshe, maadamu Unicode imekwisha kukipa Kiswahili maumbo mawili, la umoja na la idadi nyinginezo. Nilimwandalia jedwali fupi la upatanisho wa kisarufi, lile lile tunalolikariri kabla ya mtihani, kumwonyesha kwamba idadi ni jambo moja na ngeli ni jingine. Deni, mchango na faini zote zi katika umoja, lakini kila moja inadai kiambishi chake. Akaja na hoja nzito zaidi: sentensi zikiongezeka, kazi ya watafsiri wa lugha zote itaongezeka pia. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Aliyeijibu ni mtafsiri wa Kifaransa, aliyeeleza kwamba hata kwao umbo la neno hubadilika kufuatana na jinsia ya nomino, na kwamba alikuwa akivumilia dosari hiyo kwa muda mrefu. Niliombwa niongeze majaribio na nitenganishe mabadiliko ya msimbo na yale ya tafsiri. Baada ya majuma matatu, kazi yangu ilikubaliwa.

Msomaji mpenzi, kuna funzo hapa kwa idara zetu. Mtumiaji anayesoma "Mwanachama imehifadhiwa" hamlaumu mwanaprogramu. Hukilaumu Kiswahili, akaamini kwamba lugha hii haijaiva kwa teknolojia, kisha akarejea kwenye Kiingereza. Kasoro ya aina hiyo haiwezi kuondolewa na kamusi ya istilahi peke yake, hata iwe nene kiasi gani. Huondolewa na mtu anayeijua ngeli na aliye tayari kuifuata hadi ndani ya msimbo. Wahadhiri wetu wangeweza kuwapa wanafunzi wa isimu kazi ya kuchunguza jumbe za programu moja huria, kubainisha mahali ambapo upatanisho umevunjika, na kushirikiana na wenzao wa sayansi ya tarakilishi kuwasilisha marekebisho. Si lazima mtu awe mwanaprogramu bingwa. Mabadiliko yangu hayakuzidi mistari arobaini, na sehemu iliyohitaji maarifa zaidi ilikuwa lile jedwali la viambishi.