Dirisha Namba Tatu

Somo: Kutoka 4:1–5

Kabla sijaitwa Mchungaji niliitwa keshia. Kwa miaka 11 nilikaa nyuma ya kioo katika benki moja mjini Moshi, dirisha namba tatu.

Kazi ya keshia ina utamu wake ambao mtu wa nje hauoni. Asubuhi unakabidhiwa fedha, unazihesabu, unatia saini. Mchana kutwa unapokea na kutoa. Jioni, mlango ukishafungwa, unafunga hesabu: fedha zilizomo kwenye droo sharti zilingane na zilizoandikwa. Zikilingana unamshukuru Mungu na kwenda nyumbani na moyo mweupe. Zikipungua, hutoki. Siku moja nilipungukiwa na shilingi 50,000. Tulitafuta hadi saa mbili usiku, tukakuta noti tano za elfu kumi zimenasa nyuma ya droo. Nilicheka kama mtoto. Hata leo sijui raha ya kazi inayopita ile ya hesabu iliyofungwa.

Wengi wanaonifahamu sasa huniuliza niliachaje benki. Kwa muda mrefu jibu langu halikuwa la kweli kabisa. Nataka kulitoa upya hapa, hasa kwa ajili yako wewe uliyebadilisha kazi, au unayefikiria kubadilisha, au uliyejikuta umebadilishwa bila kuulizwa.

Wito wangu haukuja kwa radi. Ulikuja kidogo kidogo, kwa kwaya, kwa kuongoza ibada za mtaa wakati mwinjilisti amesafiri, na kwa mke wangu, ambaye ni muuguzi, kuniambia usiku mmoja, "Baba Neema, unachokikimbia nimekiona siku nyingi." Baba yangu hakuona hivyo. Yeye ni mkulima wa kahawa, na kahawa hiyo ndiyo iliyonisomesha uhasibu. Nilipomweleza alinyamaza mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Kwa hiyo nimekusomesha ukahesabu sadaka?" Sikuwa na jibu. Tuliuza gari, mke wangu akaibeba nyumba kwa mshahara wake, nami nikaenda Makumira, chini ya Mlima Meru, kukaa dawati moja na vijana ambao wangeweza kuwa wadogo zangu wa mwisho. Jaribio la kwanza la Kigiriki nilifeli. Nilimaliza chuo, nikabarikiwa, nikapangiwa usharika kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Mwaka wa kwanza nilihubiri vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Karibu kila mahubiri yalikuwa na ushuhuda wangu ndani yake: nilikuwa nahesabu fedha za dunia, Bwana akanitoa huko akanipa kazi yake. Washarika waliitikia "Amina!" kwa nguvu. Niliipenda ile Amina.

Ofisini nako mambo yalikuwa yamenyooka. Mhazini wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mwaminifu sana, lakini mwenye daftari la kaunta na mwendo wa polepole. Bila kumwambia moja kwa moja, nilimnyang'anya kazi. Jumapili baada ya ibada, mnada ulipokwisha pale nje, mkungu wa ndizi umepata mwenyewe na kuku na mayai pia, mimi ndiye niliyeketi kuandika kila shilingi na kupanga bahasha. Taarifa yetu ilipofika jimboni ilisifiwa. Wazee wa kanisa walisema tumepata mchungaji msomi.

Jambo moja hakuna aliyeliona. Nilikuwa naogopa wagonjwa. Chuoni tulifundishwa namna ya kuwahudumia, na mtihani wake nilifaulu. Lakini ukiingia chumba chenye giza na harufu ya dawa, mtu anavuta pumzi kwa taabu, ndugu wote wamekugeukia na kukuita Baba Mchungaji ilhali wengine ni wakubwa kuliko mama yako, vitabu vyote hukukimbia. Sikujua niseme nini. Hata mikono sikujua niiweke wapi. Benki palikuwa na kioo kati yangu na watu; huku hapakuwa na kioo. Basi nikaweka utaratibu: Alhamisi ni siku ya wagonjwa. Ulikuwa utaratibu mzuri, na wazee waliupenda. Mimi niliupenda kwa sababu yangu mwenyewe: ulinipa siku sita za kupumzika na ile hofu.

Jumatatu moja jioni dada mmoja mwenye duka la pembejeo pale barabarani alibisha hodi ofisini. Baba yake, mstaafu wa reli, alikuwa mgonjwa wa siku nyingi.

"Bwana asifiwe, Mchungaji."

"Amina, mama. Karibu."

"Sikai. Baba anaomba Chakula cha Bwana. Naona hali yake imebadilika."

Mezani kwangu bahasha zilikuwa zimetandazwa. Hesabu ya Jumapili ilikuwa imepungua shilingi 12,400 na taarifa ilitakiwa kesho yake. Nikamuuliza kama mzee anakula. Akasema anakunywa uji kidogo. Nikasema, "Basi mwambie Alhamisi asubuhi na mapema nitakuwa kwake. Nitamweka wa kwanza kwenye orodha."

Alisimama kidogo, akaangalia zile bahasha, akasema, "Asante, Mchungaji," akaondoka.

Zile shilingi 12,400 nilizipata usiku uleule, kabla ya saa nne. Mzee alifariki Jumatano alfajiri.

Nilimzika. Familia ilinipa heshima zote, nikapewa kiti na chakula, na hakuna aliyenitupia neno. Pengine wangenitupia ningepata nafuu. Wiki tatu baadaye yule dada alikuja na bahasha ya sadaka ya shukrani. Nikafunga mlango, nikamwomba msamaha. Nilianza kueleza habari za taarifa ya jimbo, nikajisikia aibu, nikanyamaza.

"Mchungaji," akasema, "sikuja kukulaumu. Lakini naweza kusema kitu?"

"Sema, mama."

"Kila ukihubiri unatusimulia ulivyokuwa unahesabu fedha za dunia. Baba alikuwa anachukua pensheni yake benki. Siku moja gari lilituharibikia njiani, tukafika wanakaribia kufunga. Mlinzi akatuingiza. Yule kijana wa dirishani alimhudumia baba mpaka mwisho. Alimwita babu, akamhesabia mara mbili, polepole, kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Hakumwambia arudi Alhamisi."

Alivuta pumzi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Na mimi ambaye kila siku niko dukani tangu saa moja asubuhi? Sisi tuliobaki huko, Mungu hajatuita?"

Usiku ule nilifungua Kutoka sura ya nne. Nilikuwa nimeihubiri zaidi ya mara moja. Musa anaitwa kazi mpya na amejaa hofu na visingizio. Mungu anamuuliza ana nini mkononi. Ana fimbo, kifaa cha kazi yake ya zamani, kazi ya kuchunga kondoo wa mkwewe. Siku zote nilihubiri kwamba Mungu hutumia ulicho nacho, na ni kweli. Lakini nilikuwa nimeruka mahali pamoja. Kabla fimbo ile haijatumika, Musa aliambiwa aitupe chini. Akaitupa, ikawa nyoka, naye akaikimbia. Ndipo akaambiwa aishike tena, na hapo ikarudi kuwa fimbo mkononi mwake. Mistari michache baadaye Maandiko yanaiita fimbo ya Mungu.

Mimi fimbo yangu sikuwa nimeitupa chini. Niliingia nayo usharikani nikaiegemea. Uhodari wangu wa hesabu ulikuwa mzuri, lakini nilijificha ndani yake ili nisikutane na kazi ambayo sikuijua. Kila nilipojisikia mgeni katika uchungaji, nilikimbilia mahali ambapo mimi si mgeni. Watu wakanisifu kwa bidii, na kumbe ile bidii ilikuwa namna ya kukimbia.

Nilimkumbuka pia Martin Luther. Mwaka 1505, akiwa na miaka 21 na akisoma sheria pale Erfurt, alikutwa na dhoruba karibu na kijiji cha Stotternheim. Kwa hofu ya radi akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, na muda mfupi baadaye akaingia nyumba ya watawa. Baba yake, Hans, aliyegharamia masomo akitegemea mwanawe awe mwanasheria, alikasirika sana. Habari hii niliipenda tangu chuoni, maana ilinifariji juu ya baba yangu. Ila nilikuwa naikatia katikati. Mtawa huyohuyo, baada ya kuielewa Injili, alifundisha kwamba utawa haumsogezi mtu karibu na Mungu kuliko mama anayemwogesha mtoto wake au fundi anayeshona viatu. Mtu huhesabiwa haki kwa neema kupitia imani. Kazi yake hutolewa kwa ajili ya jirani. Na katika Katekisimu Ndogo ya 1529, ile tuliyoikariri sote darasa la kipaimara, anapoeleza mkate wa kila siku hataji unga peke yake. Anataja shamba, mifugo, fedha, serikali njema, majirani wema. Mkate huo hutufikia kwa mikono ya watu wengi walio kazini. Mwenye duka la pembejeo yumo, na keshia naye yumo.

Kwa hiyo ushuhuda wangu ulikuwa na kasoro. Nilikuwa nawaambia washarika kwamba nilihama kutoka kwa dunia kwenda kwa Mungu, na wao, waliokuwa wakirudi dukani, shambani na hospitalini Jumatatu, walisikia kwamba wamebaki dunia. Mungu hakuwa akinisubiri Makumira. Alikuwa pamoja nami dirisha namba tatu, na pale alikwisha kunifundisha somo ambalo mchungaji analihitaji kuliko yote: mtu akishaingia mlangoni, anahudumiwa. Somo hilo niliacha benki. Nililokuja nalo ni lile la kufunga hesabu.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimrudishia mhazini daftari lake na kumwomba radhi. Alicheka. "Nilijua utachoka," akasema. Tangu hapo tunafanya pamoja pale anaponiita, na pale ambapo hajaniita nakaa mbali.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Nilimwendea mwinjilisti mmoja mstaafu, mtu ambaye hakusoma chuo kikuu, nikamwambia, "Mzee, sijui kuwaona wagonjwa. Nifundishe." Hakushangaa. Tulizunguka naye miezi kadhaa, kwa miguu, migombani. Alinifundisha kukaa kwanza kabla ya kufungua Biblia. Kumsalimu anayemuuguza mgonjwa na kumuuliza kama yeye mwenyewe amelala. Kushika mkono. Kutoogopa kimya. Siku moja tulikaa na bibi mmoja kama nusu saa bila kusema kitu, nami nilitaka kuinuka mara tatu. Tulipotoka nilimuuliza mbona hakusema neno. Akajibu, "Alikuwa anasema yeye."

Mpendwa, labda wewe umetoka ualimu ukaingia biashara, au umestaafu ukarudi shambani, au umepunguzwa kazini na sasa unajifunza kushona ukiwa na miaka 50. Sina mengi ya kukushauri. Ila jioni moja jiulize kwa uaminifu: katika kazi hii mpya, ni jambo gani nalifanya kwa bidii sana ili nisilifanye lile nisilolijua? Ukilipata, liweke chini mbele za Mungu, hata kama litakutisha likiwa chini. Kisha mtafute anayejua, awe mdogo kwako au asiwe na vyeti, umwombe akufundishe. Wala usiidharau kazi uliyoiacha ili kuipamba uliyoipata. Mungu alikuwa nawe kule pia, na kuna watu aliowaacha palepale kwa makusudi yake.

Baba yangu hajawahi kusema kwamba nilifanya vema. Lakini siku hizi nikienda kumsalimu haniulizi habari za sadaka. Ananimiminia chai, kisha anauliza, "Wagonjwa wako wanaendeleaje?"

Juzi simu iliita saa tano usiku. Nilikwenda. Nilikaa na mtu yule na mkewe, tukashiriki Chakula cha Bwana, kisha tukanyamaza. Nilirudi saa nane. Mke wangu alikuwa macho.

"Imekuwaje?"

"Sijui. Nimekaa nao."

Zamani jibu kama hilo lisingeniacha nilale. Ile ilikuwa hesabu isiyofungwa, na katika kazi hii nyingi hubaki hivyo. Nilimkabidhi Bwana mgonjwa yule na nyumba yake, nikazima taa, nikalala.