Florence Price na Nyumba ya St. Anne

Mwaka 2009, katika kitongoji cha St. Anne, kusini ya mji wa Chicago, mume na mke walikuwa wakijitayarisha kuitengeneza nyumba kuukuu iliyohamwa kwa miaka mingi. Mti ulikuwa umeliangukia paa na kulitoboa, na waharibifu walikwisha kupita. Lakini katika sehemu moja ambayo mvua haikuifikia, waliyakuta marundo ya karatasi za muziki, vitabu na barua. Jina lililojirudia humo lilikuwa moja: Florence Price. Nyumba hiyo ndiyo aliyokuwa akienda kupumzika wakati wa kiangazi, na mwenyewe alikwisha kufariki tangu mwaka 1953.

Bibi huyu alizaliwa Little Rock, katika jimbo la Arkansas, mwaka 1887. Baba yake alikuwa daktari wa meno. Mama yake, mwalimu wa muziki, ndiye aliyemfunza piano. Alipopelekwa Boston kusoma katika chuo cha New England Conservatory, mama alitaka aandikishwe kuwa ni mtu wa Mexico, ili rangi yake isimfungie mlango. Alihitimu mwaka 1906, akarudi Kusini kusomesha, na mwaka 1912 akaolewa na wakili. Huko kwao, chama cha walimu wa muziki kilimkataa kwa kuwa ni mweusi. Mwaka 1927, baada ya kundi la watu kumuua hadharani mtu mweusi mjini Little Rock, familia ilihamia Chicago.

Ndoa ilivunjika mwaka 1931. Alibaki na mabinti wawili wa kuwalea, akasomesha piano na kupiga kinanda katika majumba ya sinema za zama zile zisizokuwa na sauti. Wakati wa kutunga ulikuwa wa kuibia. Mwezi wa Januari mwaka huo alivunjika mguu, akalazimika kukaa kitako, na ndipo alipopata siku chache za kuandika bila ya kusumbuliwa. Baadaye alimwandikia rafiki yake kwa mzaha uliobeba uchungu, akiuliza ni lini tena atapata bahati ya kuvunjika mguu.

Simfoni aliyoianza wakati huo ilipata tuzo ya kwanza ya mashindano ya Wanamaker mwaka 1932. Tarehe 15 Juni 1933, okestra kubwa ya Chicago, ikiongozwa na Frederick Stock, iliipiga mbele ya hadhara. Hakuna mwanamke mweusi kabla yake ambaye simfoni yake ilipigwa na okestra ya daraja hiyo. Sehemu yake ya tatu imejengwa juu ya Juba, mchezo wa watumwa wa mashambani ambao, waliponyimwa ngoma, walizifanya ngoma mapaja na vifua vyao. Miguu na viganja vya watu hao viliingia katika fidla za jumba la kifahari, na waliokaa vitini wakavisikiliza.

Hata hivyo, mlango haukufunguka wote. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, akikiri waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, uanamke wake na damu ya Kiafrika mishipani mwake, na akaomba kazi yake ipimwe kwa ustahiki wake tu. Koussevitzky hakuipiga kazi yake hata moja. Simfoni ya nne, aliyoimaliza mwaka 1945, ilisikika kwa mara ya kwanza mwaka 2018, huko huko Arkansas alikozaliwa. Alikuwa kaburini kwa miaka sitini na mitano.

Miongoni mwa karatasi za St. Anne mlikuwamo simfoni hiyo na tungo mbili kubwa za fidla na okestra. Lau paa lingetoboka hatua chache upande wa pili, zisingebaki. Watu wa pwani, ambao mashairi mengi ya babu na bibi zao yameliwa na mchwa makashani, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mtunzi alikwisha kuifanya kazi yake. Iliyokosekana ni mikono ya kumtunzia.