Mzigo wa Gramu 400

Mwanangu wa kike aliniambia mwaka juzi, kwa adabu yake ya siku zote, "Baba, hiyo kamera sasa ipumzike." Hakusema mimi nipumzike, alisema kamera. Nilimwelewa. Nina miaka 73, na siku ile nilikuwa nimerudi kutoka Kilwa Kisiwani nikichechemea, nikiwa na filamu sita ambazo hata moja haikufaa.

Kamera yenyewe ni ya mbao, yenye mvukuto, ile ambayo mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kuiona taswira kichwa chini kwenye kioo cha nyuma. Filamu yake huwekwa kipande kimoja kimoja, inchi 4 kwa 5. Niliinunua nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu. Miaka mingi nilikuwa nimefundisha historia ya pwani yetu kwa picha za vitabuni zilizofifia, nikajiapia kwamba siku moja nitapiga picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa ambayo mwanafunzi ataweza kuyahesabu mawe yake.

Lenzi niliyokuwa nayo ilikuwa ya milimita 150, ambayo kwa filamu ya ukubwa huo ndiyo ya kawaida. Ndani ya msikiti ule wenye nguzo nyingi haikutosha. Ukizipata nguzo mbili, ya tatu umeikosa, na ukirudi nyuma unagonga ukuta. Nikaazima ya milimita 90. Hiyo iliona kila kitu, lakini nguzo ya karibu, iliyoingia pembeni mwa picha, ilivutwa ikanenepa, na za mbali zikawa kama vijiti. Nilihitaji ya katikati, yenye kuona upana kwa kiasi.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la majivuno. Nilinunua Nikkor ya milimita 120, f/8, iliyokwisha kutumika. Ni lenzi njema sana. Duara la taswira yake, ukiibana hadi f/22, lina kipenyo cha milimita 312, hali mshazari wa filamu yangu haufiki hata 165. Maana yake ni kwamba unaweza kuipandisha lenzi juu sana ili uone kuba bila kuiinamisha kamera, na nguzo zikabaki wima. Mwalimu hupenda akiba, nami niliipenda akiba hiyo. Uzito wake, gramu 600 na ushei, sikuufikiria. Nilijiambia, gramu 600 ni nini? Hazifiki hata kilo moja ya unga.

Ndugu msomaji, mzigo hauji peke yake. Lenzi kubwa hutaka vichujio vikubwa, na miguu mitatu mizito ya kuihimili. Siku ile tulianzia Husuni Kubwa, tukarudi msikitini kwa miguu, mimi na kijana aliyenibebea mkoba. Tulipofika, magoti yalikuwa yamegoma. Uso wa kamera yangu ya mbao uliinama kwa uzito wa lenzi. Nikiukaza, unainama tena polepole. Na kwa f/8, kivulini, macho yangu hayakuona kitu kiooni ila ukungu. "Babu, tayari?" kijana aliuliza mara tatu. Nikajibu tayari, huku nikijua ninabahatisha. Filamu zote sita zilitoka zimefifia.

Nyumbani niliiweka lenzi ile juu ya mizani ya jikoni, nikaitazama muda mrefu. Swali halikuwa tena lenzi ipi ni bora. Lilikuwa: ni ipi itakayoniwezesha kuendelea? Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Ujerumani alinitafutia Nikkor nyingine, ya milimita 135, f/5.6. Ina gramu 200 tu, na inaingia katika mfuko wa koti. Upana wake unaipita ile ya 150 kwa kidogo, lakini kidogo hicho ndicho nguzo ya tatu. Jambo ambalo sikulitarajia ni mwanga: f/5.6 hupitisha mwanga mara mbili ya f/8, na kwa macho ya mzee hiyo ni zawadi kubwa.

Lakini hakuna cha bure. Duara lake ni milimita 200 tu, hivyo picha ikiwa imelala, lenzi hupanda sentimita tatu hivi, na basi. Niliporudi Kilwa mwaka jana, nilipanga kamera, nikaipima kwa pima maji, nikaanza kuipandisha lenzi ili nilipate kuba. Mara pembe za kioo zikawa nyeusi. Nikapandisha na kushusha mara mbili tatu, kama mtu anayejadiliana na muuza duka asiyepunguza bei. Mwisho nikaliacha kuba. Nikazichukua nguzo, vivuli vyake sakafuni, na mawe ya matumbawe moja baada ya jingine.

Kuba halimo katika picha yangu, na kila nikiitazama namkumbuka aliyekosekana. Ile lenzi ya gramu 600 ingelipata. Lakini lenzi ile, mkononi mwangu, haikupata chochote.

Nilipomwonyesha mwanangu picha, hakusifu. Aliweka kidole juu ya nguzo ya tatu, akaanza kuhesabu mawe kimyakimya, kuanzia chini. Alipofika juu aliniuliza, "Safari nyingine ni lini, Baba?"