Faragha ya Kazi

Kazi ya haraka haivumilii mgeni. Kerneli ya Linux hugawa kazi kwa viini vya prosesa, kimoja kisielemewe na kingine kikikaa bure. Ugawaji huo ni haki, lakini huiudhi kazi isiyoweza kungoja, kama kupitisha sauti za simu. Kwa njia ya kale, kiini hutengwa mashine inapowashwa; abadiliye nia hana budi kuiwasha upya, na simu zipitazo humo hukatika. Tangu toleo la 6.1, mwaka 2022, fungu la viini laweza kutangazwa kuwa limetengwa, kisha likarudishwa, mashine ingali kazini. Wakati huo viini vingine hubeba mzigo wake. Kwa hiyo faragha njema ni ile yenye mlango wa kurudia.