Pazia Lililoshuka na Kupanda Lenyewe

Tunauza vitenge na mama huku Katwe, hapa Kampala.

Ijumaa moja asubuhi mama alikuwa anakunja vitenge, mara akasema, "Mwanangu, kuna pazia limeshuka kwenye jicho la kushoto." Nikadhani ni vumbi la barabarani, nikampa maji anawe. Kisha akaniuliza, "Baba yako amekwenda wapi?" Baba tulimzika Bukavu kabla hatujakimbia. Nikamjibu, akauliza tena, na tena, kama vile sijasema kitu.

Baada ya dakika kumi hivi pazia likapanda lenyewe. Akamkumbuka baba, akalia kidogo, akaomba chai. Majirani wakasema ni mawazo. Sisi wakimbizi kila ugonjwa ni mawazo! Mama mwenyewe akakataa kuondoka, eti wateja watapotea. Na mimi karibu nikubali, bwana.

Jirani mmoja aliyekuwa muuguzi kule Goma ndiye aliyetupigia kelele: "Pandeni boda sasa hivi, mwende Mulago!"

Presha ilikuwa 190 kwa 110. Mama alikuwa ameacha vidonge miezi mitatu kwa sababu alijisikia mzima. Daktari akatueleza taratibu: kipande kidogo cha damu iliyoganda, au mafuta yaliyojijenga kwenye mshipa wa shingo, kinaweza kumeguka kikasafiri na kuziba mshipa mwembamba. Kikiziba wa jicho, jicho linaingia giza. Kikiziba wa ubongo, mtu anachanganyikiwa, mdomo unapinda, mkono unalegea au maneno yanagoma. Kikiyeyuka, mtu anarudi sawa kabisa, na hapo ndipo tunapodanganyika. Hicho ni kiharusi kidogo. Kile kikubwa kinaweza kufuata, hasa katika siku 2 za kwanza.

Kusahau peke yake kuna sababu nyingine nyingi, akasema, lakini kukija ghafla namna ile, mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo.

Nikauliza, je, ningempa aspirini nyumbani? Hapana, mpaka kichwa kipigwe picha, maana kama mshipa umepasuka, aspirini inazidisha damu kuvuja.

Siku hizi vidonge vinakaa kando ya kopo la sukari, ambalo mama hawezi kulipita asubuhi. Akianza kulalamika kwamba ni mzima, namziba jicho la kushoto kwa kiganja. Ananipiga mkono, halafu anameza.